Namna ya Kuongeza Thamani ya Protini ya Mimea katika Chakula cha Kuku

Mfugaji anapokwenda kununua mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, huuliza mambo mawili: bei ya gunia na asilimia ya protini. Jambo la tatu, ambalo ndilo linaloamua kama fedha yake itarudi, huulizwa na wachache sana, nalo ni kiasi gani cha protini hiyo kitamfaa kuku baada ya kupita tumboni mwake. Maabara inapopima protini ghafi hupima naitrojeni iliyomo katika chakula kisha huizidisha kwa 6.25, haipimi kama kuku ataweza kuimeng'enya. Ndiyo maana soya mbichi, soya iliyopikwa vizuri na soya iliyoungua zinaweza kutoka maabara zikiwa na namba ileile, ilhali kuku waliolishwa kila moja watatofautiana mbele ya macho yako baada ya wiki chache. Manyoya ya kuku yenyewe yana protini inayozidi asilimia 80 kwa kipimo hicho, na yakiwa mabichi kuku hapati kitu ndani yake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mfugaji mwenye kuku kuanzia mia moja hadi elfu moja hivi, anayechanganya chakula mwenyewe kwa malighafi zinazopatikana Tanzania: soya ya Ruvuma na nyanda za juu kusini, alizeti ya Singida na Dodoma, pamba ya Shinyanga na Simiyu, ufuta wa Lindi, na mbaazi za kusini au za Babati. Hauhitaji mitambo. Unahitaji sufuria kubwa au pipa, turubai, chekecheke, mizani inayoaminika, na subira.

Hatua ya kwanza: ijue kasoro ya kila malighafi kabla ya kuinunua

Hakuna protini ya mmea isiyo na dosari. Soya ina protini nyingi, kati ya asilimia 36 na 38 kwa punje nzima, na ina kiasi cha kutosha cha laisini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, lakini ikiwa mbichi imebeba vizuizi vya tripsini, yaani vitu vinavyokishika kimeng'enya cha tripsini na kukizuia kuvunja protini. Mashudu ya alizeti hayana sumu ya kutisha na yana kiasi kizuri cha methionini, asidi amino nyingine, ila yana maganda mengi na laisini kidogo. Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba. Mashudu ya karanga yana hatari ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Mashudu ya ufuta yana methionini nyingi kuliko karibu mashudu yote tuliyo nayo, lakini laisini yake ni haba na fosforasi yake imefungwa. Mashudu ya nazi, ambayo watu wa pwani na visiwani huyapata kwa bei nafuu, yana protini ya kama asilimia 20 tu, na hufura yakilowa, hivyo kuku hushiba kabla hajapata anachohitaji.

Dosari hizi, ukiacha sumukuvu, ni za aina tatu, na kila aina ina dawa yake. Vizuizi na sumu za asili huondolewa kwa joto, maji au uchachushaji. Maganda huondolewa kwa kuchekecha. Upungufu wa asidi amino hauondolewi kwa kupika wala kuchekecha. Huzibwa kwa kuchanganya malighafi zinazokamilishana. Mfugaji anayechemsha mashudu ya alizeti akitumaini yatakuwa kama soya anapoteza kuni zake, kwa sababu tatizo la alizeti si lile linaloponywa na moto.

Hatua ya pili: kataa kilichovunda, hata kikiwa cha bure

Naliweka jambo hili mapema kwa sababu ndilo pekee katika mwongozo huu lisilo na marekebisho ya kuaminika nyumbani. Sumukuvu, inayotengenezwa na ukungu wa Aspergillus, haiondoki kwa kuchemsha, kwa kukaanga wala kwa kuanika juani. Dunia iliijua kwa njia ya mifugo: mwaka 1960 batamzinga zaidi ya laki moja walikufa Uingereza, na chanzo kilipotafutwa kikaonekana kuwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Hapa kwetu, mwaka 2016, watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuku anaweza asife, lakini ini lake huharibika, hutaga mayai machache, na chanjo unazompa hazimkingi ipasavyo.

Kabla ya kulipa, ingiza mkono hadi katikati ya gunia. Pakiwa na joto kuliko juu, au mashudu yakiwa yameshikana mabonge, au yakinuka kama nguo iliyoanikwa chumbani wakati wa masika, yaache. Kwa punje kama soya na mahindi kuna kipimo kingine kisicho na gharama. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje hadi robo yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika mbili, kisha iache itulie kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, punje bado zina unyevu wa kama asilimia 15 au zaidi na zinahitaji kuanikwa. Ikidondoka yote chini, zimekauka vya kutosha kuhifadhiwa.

Hatua ya tatu: pika soya, na uipike sawasawa

Hapa ndipo faida kubwa ilipo, na ndipo makosa mengi hufanyika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwamba soya mbichi haifai si habari mpya: mwaka 1917 watafiti wa Marekani, Thomas Osborne na Lafayette Mendel, walionyesha kwamba panya waliolishwa soya mbichi hawakukua, na waliopewa iliyopikwa walikua. Kuku ni vilevile. Kongosho lake, likiona tripsini inazuiwa, hutengeneza nyingine zaidi na zaidi, na kwa kuwa tripsini yenyewe ni protini, kuku huishia kutumia protini ya mwili wake kupambana na chakula chake.

Njia ninayoipendekeza ni kuchemsha, kwa sababu ni vigumu kuunguza kitu kilicho ndani ya maji. Pepeta soya, toa mawe na punje zilizooza, ioshe. Chemsha maji kwanza, ujazo wake ukiwa mara tatu ya soya, na usiitie soya mpaka yatokote. Ukishaitia, maji yatatulia. Yakianza kutokota tena ndipo uanze kuhesabu dakika 30. Wengi huhesabu tangu walipowasha moto, na hapo ndipo soya hutoka mbichi. Walioko maeneo ya baridi ya miinuko kama Njombe na Makete waongeze dakika kumi, maana katika mwinuko wa mita 2,000 maji hutokota kwenye nyuzi 93 hivi za Selsiasi badala ya 100, na soya hupikwa na joto, si na mapovu. Mwaga maji hayo. Yamebeba sehemu ya sukari za soya ambazo kuku hazimeng'enyi na ambazo hufanya kinyesi kinate kwenye miguu na maranda.

Anika papo hapo kwenye turubai, tabaka lisizidi unene wa vidole viwili, ukiigeuza kila saa siku ya kwanza. Soya iliyochemshwa asubuhi yenye mawingu na kuachwa kwenye rundo itaanza kuteleza na kunuka kabla ya jioni, kwa hiyo tazama mbingu kabla ya kuwasha moto. Imekauka pale unapoitia jinoni ikavunjika kwa mlio; ikikubali kubonyea kama kipande cha mpira, irudishe juani.

Kukaanga ni haraka zaidi na hakuhitaji kuanika, ila kunadai uangalifu. Tumia karai pana, tia soya kidogo kidogo, na ukipata mchanga safi uliochekechwa uuchanganye humo, kwa sababu mchanga husambaza joto pande zote za punje. Koroga bila kupumzika mpaka maganda yapasuke na punje zitoe harufu ya karanga. Kisha usizimwage zipoe; zirundike kwenye ndoo au sanduku, zifunike kwa gunia kwa dakika 20 hadi 30, ili joto la nje liingie mpaka kwenye kiini. Mara yangu ya kwanza kukaanga nilikuwa na haraka na moto mkali. Punje zilitoka kahawia nzuri ya kuvutia, nikasaga, nikalisha vifaranga. Walipoanza kudumaa ndipo nilipozipasua chache zilizobaki kwa kisu: ukingo ulikuwa kahawia, katikati palikuwa pa kijani hafifu, na ladha yake ilikuwa ileile ya ubichi inayoparuza ulimi. Tangu siku hiyo napasua punje kumi za kila karai. Ndani panatakiwa pawe na rangi moja ya dhahabu.

Kuzidisha moto nako ni hasara. Soya iliyogeuka kahawia ya kukoza imepoteza laisini yake, kwa sababu laisini huungana na sukari na kufungwa moja kwa moja. Kipimo cha protini ghafi hakitaonyesha hasara hiyo hata kidogo, wala hakuna njia ya kuirudisha.

Ili kujua kama soya imeiva, hata ile uliyouziwa ikiwa unga, fanya kipimo cha urea. Chukua chupa mbili zenye vifuniko. Katika ya kwanza weka kijiko kimoja cha mezani cha unga wa soya unayoipima. Katika ya pili weka kiasi hichohicho cha unga wa soya mbichi kwa ajili ya kulinganisha. Kila chupa iongezewe nusu kijiko cha mbolea ya urea na vijiko vitano vya maji ya uvuguvugu, ifungwe, itikiswe, iwekwe mahali penye joto kwa dakika 20. Fungua, unuse. Chupa ya soya mbichi itakupiga puani kwa harufu ya amonia, ile ya banda ambalo maranda yake hayajabadilishwa. Ikiwa ya kwanza nayo inanuka hivyo, soya haijaiva. Ikiwa harufu ni hafifu mno au haipo, imeiva. Sababu ni kwamba kimeng'enya cha soya kinachovunja urea huuawa na joto karibu sawa na vizuizi vya tripsini, kwa hiyo kimoja kikifa, tunajua na wengine wamekufa. Kipimo hiki hakitakuambia kama umeiunguza. Kazi hiyo ni ya macho. Vilivyomo kwenye chupa vifukie mbali na kuku, maana urea ni sumu kwao.

Saga soya nzima kwa kiasi cha kutumia wiki mbili tu. Ina mafuta karibu asilimia 18 hadi 20, na ikishasagwa mafuta hayo huanza kuchacha. Mashudu ya soya ya viwandani, kwa kawaida, yameshapata joto la kutosha na hayahitaji kupikwa tena, ila yale ya mashine ndogo zinazokamua bila joto yapimwe kwa urea kama soya nyingine yoyote.

Hatua ya nne: chekecha mashudu ya alizeti

Mashine nyingi za kukamua alizeti vijijini na mijini hukamua mbegu pamoja na maganda yake. Kuku hana uwezo wa ng'ombe wa kutumia nyuzinyuzi. Maganda yanayoingia mdomoni hupita yakitoka nyuma, yakiwa yamechukua nafasi ya chakula.

Ponda mabonge au yapitishe kwenye mashine ya kusaga yenye chujio pana, si laini, kwa sababu ukisaga laini maganda nayo yatakuwa unga na hutayatenganisha tena. Kisha chekecha kwa wavu wa dirisha la kuzuia mbu uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao. Kinachopita ni sehemu ya kiini, laini, yenye mafuta kidogo mkononi; kinachobaki juu ni maganda meusi yanayokwaruza. Kilichobaki ni cha mbuzi au ng'ombe.

Je, inalipa? Fanya hesabu kwa bei ya kwako. Tuseme umenunua kilo 100 za mashudu yenye protini asilimia 22 kwa shilingi 600 kwa kilo, yaani shilingi 60,000, na baada ya kuchekecha umepata kilo 65 laini zenye protini asilimia 28 na kilo 35 za maganda ambazo jirani mwenye ng'ombe anazinunua kwa shilingi 300. Kabla ya kuchekecha kila kilo ya protini ilikugharimu shilingi 2,727. Baada ya kuchekecha na kutoa shilingi 10,500 za maganda, umebakiwa na kilo 18.2 za protini kwa shilingi 49,500, yaani shilingi 2,720 kwa kilo. Gharama ni ileile, lakini sasa una mashudu unayoweza kuyatia hadi asilimia 15 kwenye chakula cha kuku wa mayai bila kuwajaza maganda. Asiye na mteja wa maganda afikirie mara mbili. Kwa vifaranga wa chini ya wiki nne mimi sizidishi asilimia 5, hata yakiwa yamechekechwa.

Hatua ya tano: pamba, kwa tahadhari

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa kiangazi, nilipata mashudu ya pamba kwa bei iliyonifanya nisahau nilichokuwa nakijua. Kuku waliendelea kutaga kama kawaida, na nilianza kujisifu. Baada ya majuma machache mama lishe mmoja niliyekuwa nikimuuzia akanirudishia trei. Alivunja yai moja kwenye sahani mbele yangu, akanitazama: "Kaka, haya mayai yako umeyatoa wapi?" Kiini kilikuwa kijani ya matope, kama majani ya chai yaliyolowana. Halikuwa limeoza. Gosipoli iliyopita kwenye yai huungana na chuma cha kiini na kuleta rangi hiyo, na hukolea kadiri yai linavyokaa. Mafuta ya pamba nayo yana asidi za kipekee zinazoweza kuugeuza ute kuwa wa waridi.

Kwa hiyo kuku wa mayai wasipewe. Kwa kuku wa nyama na chotara wanaokua, asilimia 5 inavumilika. Anayetaka kuzidisha hapo anahitaji kipimo cha maabara cha gosipoli huru, yaani ile isiyoshikana na protini, kisha aongeze salfeti ya chuma, kwa sababu chuma huishika gosipoli tumboni kabla haijaingia mwilini. Kwa kuku wa nyama gramu moja ya chuma hutosha kwa gramu moja ya gosipoli huru. Fuwele za kijani za salfeti ya chuma zina chuma sehemu moja kati ya tano, kwa hiyo mashudu yenye gosipoli huru ya asilimia 0.1, yaani gramu moja kwa kilo, yanahitaji gramu 5 za fuwele kwa kila kilo. Bila kipimo usibahatishe.

Hatua ya sita: mikunde mingine na majani

Mbaazi na kunde zina protini ya asilimia 20 na kitu, laisini nzuri, na vizuizi vichache kuliko soya. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa dakika 20, anika, kisha saga. Asilimia 10 ya chakula ni kiwango salama. Wakulima wa mbaazi wanakumbuka mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha kununua na bei ikaanguka. Msimu wa namna hiyo mbaazi ni protini ya bei nafuu kuliko mashudu. Maharage ni jambo jingine. Yana lektini zinazoshambulia kuta za utumbo, na joto la wastani haliziondoi: ni lazima yatokote kwa nguvu, na kwa kuwa yakitokota hivyo yanafaa kwa watu, sioni sababu ya kumpa kuku isipokuwa yale yaliyovunjika.

Majani ya lusina na ya mihogo yana protini ya kutosha kwenye karatasi. Lusina ina mimosini inayodumaza, na mihogo ina sianidi. Majani ya mihogo yakatwekatwe na kuanikwa mpaka yakauke ili sianidi itoke hewani. Yote mawili yasizidi asilimia 5. Yatazame kama chanzo cha rangi ya kiini cha yai, si kama chanzo cha protini.

Hatua ya saba: unganisha zinazokamilishana

Kuku hahitaji protini kama protini. Anahitaji asidi amino zilizomo. Ukimpa mahindi na soya, ya kwanza kupungua ni methionini, na inayofuata kwa kawaida ni laisini. Ukimpa mahindi na alizeti peke yake, laisini ndiyo inayokwama mapema, kwa kuwa mahindi nayo ni maskini wa laisini. Asidi amino moja ikipungua, nyingine zilizozidi haziwekwi akiba. Hugeuzwa kuwa asidi ya uriki na kutolewa pamoja na kinyesi, na wewe umezilipia. Ndiyo maana soya kidogo na alizeti kidogo kwa pamoja huzidi soya nyingi peke yake kwa thamani ya kila shilingi.

Ufuatao ni mchanganyiko wa kilo 100 za chakula cha kuku wanaotaga. Mahindi yaliyosagwa kilo 54, pumba za mahindi kilo 6, soya iliyopikwa na kusagwa kilo 15, mashudu ya alizeti yaliyochekechwa kilo 10, dagaa wakavu kilo 5, chokaa ya mifugo kilo 8, DCP (madini ya kalsiamu na fosforasi) kilo 1.2, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku wa mayai gramu 400 au kama lebo inavyoelekeza, chumvi gramu 300, na methionini ya dukani gramu 100. Protini yake ni kama asilimia 16.3, na kalsiamu inafika asilimia 3.5 inayohitajika kwa ganda la yai. Dagaa si mmea, najua, lakini kilo tano zake huziba mapengo mengi ya asidi amino kwa pamoja. Dagaa wawe wakavu na wasio na mchanga: mimina kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, na utazame kinachotua chini. Wakiwa wamekaushwa kwa chumvi, punguza chumvi ya mchanganyiko.

Hatua ya nane: fungua fosforasi

Karibu theluthi mbili ya fosforasi iliyo kwenye mbegu imefungwa ndani ya faiteti, ambayo kuku haimeng'enyi vizuri, na faiteti hiyohiyo hushika zinki, kalsiamu na sehemu ya protini. Wenye uwezo hununua dukani kimeng'enya cha faitesi, kinachovunja faiteti, na kukitia kwa kipimo cha lebo. Vingi hulenga yuniti 500 kwa kila kilo ya chakula. Kikitiwa, DCP inaweza kupunguzwa, na mara nyingi akiba hiyo hukilipia.

Asiyenacho achachushe. Utaratibu unafanana na wa togwa. Changanya chakula cha siku moja na maji safi, kilo moja kwa lita moja na robo, kwenye ndoo ya plastiki isiyojaa. Funika kwa kitambaa, weka kivulini. Kwenye joto la Dar es Salaam siku moja inatosha. Mbeya inaweza kuchukua siku mbili au tatu. Kikiwa tayari kinanukia uchachu mtamu wa maziwa mgando na kina mapovu madogo. Kikinuka uozo au kikiota ukungu wa rangi yoyote juu yake, kitupe chote, usikwangue. Chokaa na premiksi zitiwe wakati wa kulisha, na kinachobaki kwenye vyombo jioni kiondolewe.

Hatua ya tisa: changanya, badilisha taratibu, kisha pima

Vitu vya gramu chache havichanganyiki vikitupwa juu ya rundo la kilo mia. Methionini, premiksi na chumvi zichanganywe kwanza na kilo mbili za unga wa mahindi, kisha kilo hizo mbili zichanganywe na kilo kumi, ndipo zimwagwe kwenye rundo na kugeuzwa kwa beleshi, kutoka rundo hadi rundo, mara nne. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na chakula kilichochanganywa kiishe ndani ya wiki tatu.

Usiwabadilishie kuku chakula kwa siku moja. Anza na robo ya kipya, ongeza robo nyingine kila baada ya siku mbili, hivyo kwamba siku ya saba wanakula kipya peke yake. Na kabla ya kulihusisha banda zima, tenga kuku 40 wa umri mmoja katika makundi mawili, moja chakula cha zamani na jingine kipya. Wanaokua wapimwe uzito kila wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya kula, kwa wiki nne. Wanaotaga wahesabiwe mayai kwa wiki tatu angalau, na chakula kipimwe kinachoingia na kinachobaki, kwa sababu kuku anaweza kutaga sawasawa huku akila zaidi, na hapo hujapata kitu.

Siku utakayochinja mmoja wa kundi jipya, usitupe matumbo kabla ya kuyatazama. Fuata utumbo mwembamba unaotoka kwenye firigisi. Utaona umejikunja kama kitanzi, na katikati ya kitanzi hicho kuna ukanda mwembamba wa rangi ya waridi iliyopauka. Hilo ni kongosho. Liweke kando ya lile la kuku wa umri huohuo aliyekula chakula cha zamani. Likionekana limenenepa kulipita, soya iliyobaki stoo irudi kwenye kipimo cha urea kabla ya gunia jingine kuchanganywa.